Majina ya Watakatifu Yaliyogeuka Dhihaka katika Kiingereza

Mwanafunzi mmoja wa sekondari alitujia baada ya Misa ya Dominika, akatuuliza maana ya neno la Kiingereza aliloitwa darasani mbele ya wenzake. Neno lenyewe ni "dunce". Kamusi yake ilimwambia kwamba ni mtu mjinga, mzito wa kuelewa, naye hakuhitaji kamusi kulijua hilo, kwa maana kicheko cha darasa kilikwisha kumweleza. Alichotaka kujua ni neno hilo limetoka wapi. Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyodhani, na tukaona vema tulijibu hapa kwa mapana.

Kiingereza ni lugha iliyokopa sana. Kimechukua kwa Kilatini, kwa Kifaransa, kwa Kiarabu. Hata kwetu kimechukua "safari". Lakini yako maneno machache kiliyoyatoa katika orodha ya watakatifu, na huko hakikuwatendea haki wenye majina.

"Dunce" ni Duns, mji mdogo wa Uskoti ambako alizaliwa, yapata mwaka 1266, Mwenye Heri Yohane Duns Scotus, padre wa Shirika la Wafransisko. Alifundisha Oxford na Paris, akafariki Cologne, Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1308, akiwa na umri wa miaka arobaini na kidogo. Wanafalsafa walimpa jina la heshima la Mwalimu Mpambanuzi, kwa jinsi alivyoweza kutenganisha mawazo mawili ambayo wengine waliyaona kuwa moja. Ndiye aliyewaonyesha wanataalimungu wa wakati wake kwamba Bikira Maria alikombolewa na Kristo kwa namna iliyo bora zaidi, yaani kwa kukingiwa dhambi ya asili kabla haijamgusa, kama mtu anayezuiwa asitumbukie shimoni badala ya kuopolewa humo akiwa amechafuka. Kanisa lilitangaza fundisho hilo rasmi mwaka 1854, zaidi ya karne tano baada ya kifo chake.

Iliwezekanaje, basi, mtu huyo akawa mfano wa ujinga? Katika karne ya 16 wasomi wa mtindo mpya, pamoja na wanamageuzi wa dini, walichoshwa na wafuasi wake waliong'ang'ania hoja za kale, wakawaita kwa kejeli "Dunses". Mwaka 1535 wajumbe wa Mfalme Henry VIII walipiga marufuku mafundisho yake Oxford, na kurasa za vitabu vyake zikaachwa zipeperushwe na upepo katika ua wa chuo kimoja. Kwanza neno lilimaanisha mbishi wa mambo madogo madogo, kisha mtu asiyefundishika, hatimaye mjinga tu. Baadaye likapata na kofia yake: ya karatasi, ndefu, iliyochongoka, aliyovishwa mtoto aliyeshindwa somo na kusimamishwa pembeni mwa darasa.

Sisi wenyewe tulilijua neno hili tangu shule ya msingi, na tulipokutana na Scotus katika falsafa ya seminari ilituchukua muda kutambua uhusiano wao. Tulipoutambua tulihuzunika, hasa kwa sababu moja. Scotus alifundisha kwamba ndani ya kila kiumbe mna kitu kinachokifanya kiwe hiki na si kingine. Petro si mwanadamu tu, ni Petro, na hakuna wa kumrithi upetro wake. Mwalimu wa jambo hilo ndiye aliyenyang'anywa jina, likawa la kila mtoto anayechekwa. Papa Yohane Paulo II alithibitisha heshima yake kama Mwenye Heri tarehe 20 Machi 1993. Mwanafunzi wetu aliposikia hayo alitabasamu, akaomba aandikiwe jina hilo kwenye daftari.

Neno jingine ni "tawdry", lisemwalo juu ya pambo la bei rahisi linalometameta bila thamani. Hilo ni Mtakatifu Audrey, au Etheldreda, malkia aliyeuacha ufalme na kuanzisha monasteri ya Ely, Uingereza, mwaka 673. Alifariki mwaka 679 akiwa na uvimbe shingoni, na Mtakatifu Beda anasimulia kwamba mwenyewe aliupokea kama malipizi ya mikufu aliyoivaa ujanani. Kwenye gulio la sikukuu yake ziliuzwa tepe za hariri za kuvaa shingoni. Kadiri miaka ilivyopita bidhaa zilizidi kuwa hafifu, na sauti ya mwisho ya neno "Saint" ikanata kwenye jina la Audrey. Wasomaji wasishangae: Kiswahili nacho kiliisikia "ki" ya neno la Kiarabu "kitabu", kikaidhania kuwa kiambishi, kikaunda "vitabu", na madereva wetu wana vipilefti.

"Bedlam", yaani vurugu na makelele, ni Bethlehemu. Nyumba ya watawa ya Mtakatifu Maria wa Bethlehemu ilianzishwa London mwaka 1247, ikaja kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na baadaye watu wakaenda huko kuwatazama wagonjwa kama burudani.

Lakini aliyeumizwa zaidi, kwa maoni yetu, ni Maria Magdalena. "Maudlin" ni jina lake lilivyotamkwa na Waingereza wa kale, nalo humaanisha mtu mwenye huruma ya machozi mepesi, hasa mlevi anayelia. Wachoraji walizoea kumwonyesha akilia kwa toba, kwa kuwa Papa Gregori Mkuu, katika mahubiri ya mwaka 591, alimwunganisha na yule mwanamke mdhambi asiyetajwa jina katika Luka 7. Injili yenyewe haisemi hivyo. Inasema alitolewa pepo saba (Lk 8:2), na kwamba alilia penye kaburi tupu kwa sababu hakumwona Bwana wake (Yn 20:11-13). Machozi hayo hayakuwa mepesi. Liturujia iliyorekebishwa mwaka 1969 ilimtenganisha na wanawake wengine, na mwaka 2016 Papa Fransisko aliipandisha kumbukumbu yake ya tarehe 22 Julai kuwa sikukuu, sawa na ya Mitume. Utangulizi wa Misa ya siku hiyo humwita mtume wa Mitume.