Kamera Ikifika Shambani Kwako: Mambo ya Kujua Kabla ya Kutia Sahihi

Tuala haiko mbali na Nairobi, lakini bado ina nyanda za wazi, makorongo na njia za vumbi. Mandhari ya aina hii huwavutia watengenezaji wa filamu za michezo ya kasi na hatari, kama vile mbio za magari, pikipiki zinazoruka na baiskeli za nyikani. Mkaazi anayeombwa kufungua lango anapaswa kufahamu haki zake.

Kampuni nyingi za filamu hizi ni ndogo na hujitegemea. Mfano maarufu ni Mmarekani Bruce Brown, aliyezunguka dunia na vijana wawili wanaoteleza juu ya mawimbi, wakapitia pia nchi za Afrika, akatengeneza The Endless Summer kwa takriban dola 50,000. Wasambazaji waliikataa mwanzoni. Iliwabidi wenyewe waionyeshe katika mji wa Wichita wakati wa baridi kali, na watu wakajaa, ndipo ikasambazwa kote mwaka wa 1966. Filamu nyingine hazipati bahati hiyo. Kwa hivyo usikubali ahadi ya kulipwa "filamu ikiuzwa". Kiasi na tarehe ya malipo viandikwe kabla ya kamera kuwashwa.

Leseni ni lazima

Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inakataza kutengeneza filamu ya kuonyeshwa au kuuzwa kwa umma bila leseni. Kampuni ya kigeni hutuma ombi kupitia wakala wa filamu aliyesajiliwa nchini. Mwenye shamba ana haki ya kuomba kuona leseni hiyo.

Droni husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege Nchini, KCAA, chini ya kanuni za mwaka wa 2020. Ni lazima isajiliwe, na kwa kawaida haipaswi kupaa zaidi ya futi 400 kutoka ardhini. Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi iko jirani nasi, na upigaji picha za filamu ndani yake huhitaji idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Barabara ya umma nayo haifungwi kwa neno la mtengenezaji filamu, bali kwa ruhusa ya polisi na mamlaka inayoisimamia.

Vijana na watoto

Kijana wa bodaboda akiombwa kuruka korongo, aulize kwanza: nikivunjika mguu, nani atalipa hospitali? Asidhani kwamba bima ya kubeba abiria itamlinda. Kampuni ionyeshe bima inayomtaja, iwe na mhudumu wa kwanza na gari la kumkimbiza majeruhi.

Kwa watoto, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa zao, zikiwemo picha, kutumiwa.

Ardhi na wanyama

Mbuga ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka wa 1946, imezungushiwa ua pande tatu. Upande wa kusini uko wazi, na wanyama huvuka kuja kwenye mashamba yetu. Tangu ranchi ya jamii ya Kitengela ianze kugawanywa mwaka wa 1988, nafasi hiyo imepungua mno. Mkataba utaje njia zitakazotumika, saa za kazi, na nani atakayerekebisha ua uliovunjwa na nyasi zilizokanyagwa. Mifugo nayo isifukuzwe ili picha ipendeze.

Michezo na uhifadhi vinaweza kwenda pamoja. Huko Kimana, kusini mwa kaunti yetu, Olimpiki ya Wamaasai ilianza mwaka wa 2012. Morani hushindana kwa mbio, mkuki, rungu na kuruka badala ya kuwinda simba. Kamera zimefika huko kutoka nchi nyingi, na simba wakabaki hai.

Ukifikiwa na kampuni, omba nakala ya leseni, bima na mkataba. Usomewe kwa lugha unayoielewa. Pitia kwa chifu au msimamizi wa wadi kabla ya kutia sahihi, na ubaki na nakala yako. Malipo yoyote ya kaunti hutolewa risiti rasmi; usimkabidhi mtu pesa mkononi.