Bastola ya kutu kwa bei ya nyumba: Wanunuzi wa silaha za kale wanavyojua bei ya haki

JUNI 19, 2019, katika jengo la mnada la Drouot jijini Paris, Ufaransa, iliuzwa bastola ambayo mnunuzi wa vyuma chakavu angeitupa kwenye mizani bila kuitazama mara mbili. Ilikuwa imeliwa na kutu mwili mzima na haiwezi kufyatua risasi tena. Waendesha mnada walikuwa wameikadiria kati ya euro 40,000 na 60,000. Nyundo ilipogongwa na ada kuongezwa, mnunuzi alilipa euro 162,500.

Bastola hiyo ilifukuliwa na mkulima mwaka 1965 katika shamba la Auvers-sur-Oise, kijiji ambako mchoraji Vincent van Gogh alijipiga risasi Julai 1890. Inaaminika kuwa ndiyo aliyoitumia. Hakuna aliyeweza kuthibitisha moja kwa moja.

Miaka mitatu kabla ya hapo, Novemba 2016, kampuni ya mnada ya Christie's iliuza jijini humo humo bastola nyingine ya aina ile ile, Lefaucheux ya milimita 7. Hiyo ndiyo mshairi Paul Verlaine alimpigia risasi mshairi mwenzake, Arthur Rimbaud, mjini Brussels Julai 10, 1873. Rimbaud alijeruhiwa mkononi, Verlaine akahukumiwa kifungo cha miaka miwili, na kesi yao ikabaki kwenye majalada. Bastola hiyo ilikwenda kwa euro 434,500.

Lefaucheux za kawaida, zisizo na habari yoyote nyuma yake, huuzwa huko huko Ulaya kwa mamia machache ya euro. Chuma ni kile kile na umri unakaribiana. Kinachotofautiana ni bei.

Kwa mfanyabiashara anayevuka mpaka kila wiki, soko hili la mbali lina somo la karibu. Anayenunua saa ya ukutani, redio ya zamani, sanduku la njumu au hata gari lililotumika hukutana na swali lile lile: bei ya haki ya kitu kisicho na bei dukani hupatikanaje? Wakusanyaji wa bastola za kale wamelijibu kwa miaka mingi, na hatua zao zinaeleweka.

Kwanza, ni kitu gani hasa

Muuzaji mgeni katika soko hili huanza na neno moja: ni ya zamani. Mnunuzi mzoefu halitilii maanani. Mmarekani Samuel Colt alipata hataza ya bastola yake yenye silinda inayozunguka mwaka 1836, na tangu hapo viwanda vimetoa silaha za namna hiyo kwa wingi mno. Colt Single Action Army, inayoonekana kwenye filamu nyingi za kikauboi, ilianza kutengenezwa mwaka 1873, na hadi kufikia miaka ya 1940 zilikuwa zimetoka zaidi ya 350,000.

Ndiyo maana mnunuzi hutafuta namba kabla ya kitu kingine. Namba ya kiwandani humwambia mwaka wa kutengenezwa. Kisha hulinganisha namba zilizo kwenye sehemu mbalimbali za bastola. Zikipishana, kuna kipande kilichotoka kwenye bastola nyingine, na bei inashuka. Ni hesabu ile ile ya gari ambalo namba ya injini haifanani na iliyo kwenye kadi: linatembea, lakini halinunuliwi kwa bei ya gari safi.

Kampuni ya Colt hutoa, kwa malipo, barua inayotokana na daftari zake za zamani. Barua hiyo hueleza bastola yenye namba fulani ilitoka kiwandani lini, ilikuwa na mtutu wa urefu gani, ilipakwa rangi gani na ilipelekwa kwa nani. Barua ikisema mtutu ulikuwa wa inchi 7 na nusu, na bastola iliyo mezani ina inchi 5 na nusu, maswali yanaanza.

Hata hapo ujuzi unahitajika. Katika miaka ya 1890 Jeshi la Marekani lenyewe lilifupisha mitutu ya bastola zake nyingi na kuchanganya vipuri wakati wa matengenezo. Kwa hiyo mtutu mfupi unaweza kuwa kazi ya jeshi, yenye historia yake, au kazi ya fundi wa mtaani. Bei zake si moja.

Pili, usisugue

Hatua ya pili ni hali ya kitu. Chama cha wamiliki wa bunduki cha Marekani, NRA, kina madaraja ya kupima silaha za kale. Ili bastola iitwe bora sana, inatakiwa iwe na vipuri vyake vyote vya asili na zaidi ya asilimia 80 ya rangi ya kiwandani. Daraja linalofuata linataka zaidi ya asilimia 30. Chini ya hapo madaraja yanateremka, na bei inateremka nayo.

Hapa ndipo wauzaji wengi wanapojikata wenyewe. Mtu hurithi bastola ya babu, akaona imefifia, akaipiga msasa na kuipaka rangi mpya ili ivutie. Inang'aa kweli. Lakini maandishi ya kiwandani yamefifia, kingo zilizokuwa kali zimekuwa butu, na rangi ya asili haiwezi kurudishwa. Mnunuzi anayejua humlipa chini kuliko ambavyo angemlipa kama asingeigusa.

Mng'ao huo huo unaweza pia kuficha uongo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, mafundi wa Italia wametengeneza nakala halali za bastola za Colt za karne ya 19, zikiwa na alama za ukaguzi za Italia. Nakala hizo si kosa. Kosa ni la anayezifuta alama, akazitia kutu ya dawa na kuziuza kama za mwaka 1851. Asiyezijua alama hizo huuziwa mbuzi kwenye gunia.

Tatu, daftari

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika soko la bastola za kale, daftari lenyewe ni mali.

Agosti 2021, kampuni ya Bonhams iliuza mjini Los Angeles bastola ya Colt ambayo askari Pat Garrett alimwulia mhalifu maarufu, Billy the Kid, mjini Fort Sumner, New Mexico, Julai 14, 1881. Makadirio yalikuwa kati ya dola milioni 2 na milioni 3. Iliuzwa kwa dola milioni 6.03. Bastola hiyo ilikuwa na mlolongo wa umiliki unaofuatika. Mjane wa Garrett aliwahi hata kuidai mahakamani na kuirudisha katika familia. Kesi iliyowasumbua ndugu wakati ule ikageuka ushahidi kwa mnunuzi wa karne hii.

Karatasi zinapokuwa na thamani kubwa hivyo, waghushi nao huamka. Bastola zinazokaribiana namba na zile za kikosi cha wapanda farasi kilichoshindwa na Wahindi Wekundu katika vita vya Little Bighorn, Juni 1876, zina bei ya juu. Nyingi zina muhuri wa herufi za mkaguzi wa jeshi, Orville Ainsworth. Kwa sababu hiyo muhuri huo ni miongoni mwa inayoghushiwa sana. Wanunuzi makini huitazama herufi kwa kioo cha kukuza, kisha hutafuta maoni ya mtu ambaye hana faida yoyote katika mauzo hayo.

Nne, uchache una masharti

Bastola za Colt Walker za mwaka 1847 zilitengenezwa takriban 1,100 tu. Aprili 2018, moja iliyohifadhiwa vizuri pamoja na kisanduku chake iliuzwa Marekani kwa dola milioni 1.84. Lakini zipo pia bastola za viwanda vidogo vya Ulaya, zilizotengenezwa chache kuliko hizo, zinazokaa dukani miaka bila kuulizwa. Uchache hupandisha bei pale tu wanapokuwapo watu wawili au zaidi wanaokitaka kitu kile kile siku ile ile.

Bei iliyotajwa na bei iliyolipwa

Baada ya hatua hizo ndipo hesabu inapofanyika, na kosa kubwa hapa ni kusoma bei wanazotaja wauzaji. Bei inayotajwa ni matumaini ya mwenye mali. Bei ya haki hutafutwa katika mauzo yaliyokwisha kufanyika.

Tuseme muuzaji ana bastola isiyo na barua ya kiwanda, na namba ya silinda haifanani na ya mwili. Anakuta tatu za aina yake zimeuzwa karibuni mnadani: dola 2,900, dola 3,100 na dola 7,500. Akizijumlisha na kugawanya kwa tatu anapata 4,500. Hesabu iko sawa, bei si sawa. Ile ya 7,500 ilikuwa na barua na namba zinazolingana, haimhusu. Zinazofanana na yake ni mbili, wastani wake 3,000.

Bado hajamaliza. Bei hizo mara nyingi hutangazwa zikiwa na ada ya mnunuzi ndani yake. Bastola ile ya Paris iligongewa nyundo kwa euro 130,000. 32,500 zilizobaki zilikuwa ada. Kwa kiwango hicho cha asilimia 25, dola 3,000 zinatokana na nyundo ya 2,400. Mnada ukimkata muuzaji kamisheni, tuseme asilimia 10, anabaki na 2,160, kabla ya usafiri na bima.

Kwa hiyo mwenye duka anayempa dola 1,800 taslimu leo si lazima awe mwizi. Yeye ndiye atakayesubiri mteja, na hasara ikitokea itakuwa yake. Na muuzaji anayeng'ang'ania 7,500 hajaonewa na mtu. Amelinganisha kitu chake na kisichofanana nacho.

Ambapo bei hukoma

Lipo jambo ambalo mizani ya Paris na Los Angeles haiwezi kulipima kwa niaba ya msafiri wa Namanga, Busia au Rusumo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 huiita silaha ya kale ile iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ya hapo, na kuilegezea masharti mengi. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu silaha inasema iliyotengenezwa baada ya 1899 haiwezi kamwe kuitwa ya kale.

Bastola za wakoloni zinazosimuliwa katika familia nyingi za ukanda huu mara nyingi ni Webley za Waingereza. Ile ya Mark VI, iliyotumika sana katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ilianza kutumika mwaka 1915. Kwa kipimo hicho cha kimataifa, hiyo ni silaha tu, hata kama babu aliifunga kwenye sanduku kwa miaka 60.

Nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia saini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004 ili kudhibiti silaha ndogo ndogo. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015; Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Tafsiri ya sheria ya Texas haimtetei mtu aliyekamatwa na bastola kwenye begi mpakani. Anayeletewa silaha ya urithi aitafutie ushauri wa polisi kabla ya kuitafutia mteja. Hata sanduku la kale au sarafu za zamani vina utaratibu wake: Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya mwaka 2006 zinataka kibali kabla ya vitu vya kale kutolewa nchini.

Rimbaud na mnunuzi mmoja

Arthur Rimbaud, kijana aliyejeruhiwa Brussels, aliacha ushairi na kuwa mfanyabiashara wa kuvuka mipaka. Alifanya kazi Aden na Harar. Kisha akaingia ubia na Mfaransa mwenzake, Pierre Labatut, kupeleka karibu bunduki 2,000 kwa Menelik, mfalme wa Shoa, katika Ethiopia ya leo.

Mzigo ulikwama muda mrefu Tadjoura, bandari iliyo katika Djibouti ya sasa. Labatut akafariki dunia. Rimbaud akauvusha jangwa kwa msafara wa ngamia, na alipofika mwaka 1887 hapakuwa na mteja mwingine wa kumwendea. Menelik aliikata bei, na wadai wa Labatut wakajitokeza kudai chao katika fedha zilizobaki.

Alijua bunduki zake zilimgharimu kiasi gani. Lakini aliyetaja bei ya mwisho alikuwa mnunuzi, na mnunuzi alikuwa mmoja.