Kabla ya Kusema "Soma Wewe!"

Mwanafunzi wa gredi ya tano anayekichukia kitabu si lazima awe hajui kusoma. Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, na aliyezishika silabi zake anaweza kulitamka hata neno asilowahi kulisikia. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake waliwalinganisha watoto wa lugha kadhaa za Ulaya. Wale wa lugha zenye tahajia nyepesi, Kifini kwa mfano, waliyasoma maneno kwa usahihi kabla ya mwaka wa kwanza wa shule kwisha, ilhali wenzao wa Kiingereza walikuwa nyuma sana. Kwa hiyo mwalimu wa Faza au Kizingitini, huku Lamu, akimwona mtoto anajificha nyuma ya mwenzake saa ya kusoma, asikimbilie kumrudisha kwenye a-e-i-o-u. Mara nyingi tatizo ni kasi, na nyuma ya kasi kuna aibu.

Anayesoma silabi moja moja, akifika mwisho wa sentensi huwa amekwisha kusahau ilianza na nani. Hadithi haipati, anachopata ni kibarua cha kutoa sauti. Mtafiti Mmarekani S. Jay Samuels alieleza dawa yake mwaka 1979: kifungu kifupi kisomwe tena na tena hadi kitiririke, ndipo msomaji ahamie kingine. Dawa hii inafanya kazi, ila mtoto wa miaka kumi na mmoja hakubali kurudia jambo lile lile mara nne bila sababu. Lazima apewe sababu, na sijaona iliyo bora kuliko watu wa kumsikiliza.

Hapo ndipo Lamu ina utajiri ambao shule zake huuacha mlangoni. Visiwani kusoma kumekuwa jambo la sauti na la mkusanyiko tangu zamani. Tazama Maulidi ya Barzanji yanavyosomwa: mmoja husoma mlango wake, akamwachia mwenzake, na waliohudhuria huitikia kwa kumsalia Mtume. Mwenye zamu anaujua mlango wake tangu nyumbani. Watoto wamekaa katika visomo hivyo tangu wakiwa mapajani. Kisha wanaingia darasani, mwalimu anapitisha macho, ananyoosha kidole: "Soma wewe!" Mtoto hajakiona kifungu, wenzake hamsini wanamtazama, na kosa la kwanza linapokewa na kicheko. Mambo hayo yakijirudia muhula mzima, atajifunza kukaa nyuma ya mwenye mabega mapana.

Basi zamu zigawanywe mapema. Jumatatu hadithi ikatwe vifungu, kila kikundi kichukue chake, na msomaji dhaifu apewe kifupi lakini chenye mambo: pale chui anapozungumza, au mashua inapopinduka. Wafanye mazoezi wawili wawili siku tatu. Alhamisi hadithi nzima isomwe kwa zamu, na darasa liwe na kiitikio chake. Mtoto atakuwa amekirudia kifungu mara kumi bila kuambiwa arudie. Siku hiyo mwalimu asimkatize msomaji kumsahihisha. Makosa ayaandike pembeni, ayashughulikie kesho yake bila kutaja majina. Na baada ya kisomo pasiwe na maswali kumi ya ufahamu. Maswali yana siku yake. Mtoto aliyezoea kwamba kila hadithi ina mtihani mkiani hujifunza kuiogopa hadithi yenyewe.

Kuna jambo la lahaja, na hapa baadhi ya walimu wenzangu watanuna. Mtoto wa Amu, yaani mji wa Lamu, nyumbani husema mato, nti, ndia, mtele. Kitabuni anakuta macho, nchi, njia, mchele. Akisoma sentensi yenye "macho" akatamka "mato", ameisoma na ameielewa. Amefanya tafsiri ya papo hapo ambayo msomaji wa kukisia asingeiweza. Kumkaripia kwa hilo ni kumwambia kwamba lugha ya mama yake ni kosa. Kiswahili sanifu afundishwe katika uandishi, ambako ndiko kitakakopimwa. Katika kisomo cha kufurahia, sauti ya nyumbani iachwe ipite.

Tena lahaja za visiwa hivi ndizo zilizobeba tendi kubwa za pwani hii. Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utendi wa mawaidha mwaka 1858, akauandika kwa hati ya Kiarabu. Sisemi utendi huo wapewe watoto wa gredi ya tano. Mawaidha ya ndoa yangoje. Ninachokitaka ni umbo lake. Ubeti wa utendi una vipande vinne vya mizani nane nane. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne kinafuata kina kinachouunganisha utendi wote. Kwa msomaji anayesuasua, kila kipande ni pumzi fupi, na kina humdokezea neno linalokuja kabla jicho halijalifikia. Akikosea, sikio lake ndilo linalomwambia, si mwalimu. Darasa litunge beti zake juu ya mashindano ya punda au bei ya kamba, ziandikwe ubaoni, zisomwe kwa mahadhi.

Na wasikilizaji wasiishie darasani. Mashairi ya Ustadh Mahmoud Mau, mshairi na imamu wa mji wa Lamu ambaye pia alikuwa mwokaji mikate, yalienea kwa kanda za kaseti, watu wakisikiliza majumbani. Leo simu moja ya mwalimu inatosha. Kisomo cha Alhamisi kirekodiwe, kitumwe kwa wazazi, hata baba aliyeko Kiwayu akivua amsikie mwanawe.

Vitabu navyo? Mpango wa Tusome, ulioenea nchini Kenya kuanzia 2015, ulilenga kila mtoto wa madarasa ya chini awe na kitabu chake cha kiada. Lakini kitabu cha kiada ni kimoja, na mwenye kimoja hana cha kuchagua. Mtaala unadai kusoma kwa mapana. Hakuna mapana bila vitabu vya hadithi. African Storybook, mradi ulioanzishwa Afrika Kusini, una hadithi fupi za picha kwa Kiswahili zinazopakuliwa bure na kuchapishwa. Kuna leso pia: kila nyumba inazo, kila moja ina jina lake, na jina hilo aghalabu ni fumbo. Waambie watoto wanakili majina ya leso za nyumbani, kisha darasa libishane kila fumbo lilimlenga nani. Nimemwona mvulana asiyegusa kitabu akilisoma jina la leso ya shangazi yake mara tatu, apate kuujua ugomvi uliokuwamo.

Na vile vitabu vichache vya hadithi vitoke kabatini. Najua mwalimu mkuu ataulizwa vikipotea. Basi liwepo daftari la kuazima, na karani wake awe yule yule asiyependa kusoma: aandike jina la kitabu, aandike la mwazimaji, na kila Ijumaa asimame awasomee wenzake orodha ya wanaodaiwa.