Intaneti ya Upepo Nyumbani

Somo la leo ni juu ya kuingiza intaneti nyumbani pasipo kutandika nyaya, ili kompyuta na mashini ya michezo ya watoto zipate kuitumia pamoja. Fungueni madaftari. Neno la kwanza la kuandika ni RUTA.

Ruta ni kisanduku kidogo chenye taa. Hupokea intaneti ama kwa waya wa kampuni, ama kwa laini ya simu iliyotiwa ndani yake, kisha huigawa nyumbani kwa mawimbi ya redio. Naam, mawimbi ya redio, ndugu wa haya yanayowaletea sauti yangu. Zamani simu isiyo na waya iliitwa simu ya upepo, na jina hilo mimi naona laifaa ruta vile vile.

Lakini mawimbi ya ruta ni dhaifu. Yakipita kuta mbili tatu huwa yamechoka. Basi usiifiche nyuma ya friji wala ndani ya kabati la bati, kwa maana bati huyarudisha mawimbi, na tangi la maji huyameza. Iweke juu ya rafu, karibu na katikati ya nyumba. Katika nyumba za kale za Lamu na Unguja, zenye kuta nene za mawe, ni afadhali kupitisha waya mmoja hadi chumba cha mbali na kuweka kisanduku cha pili huko.

Ruta nyingi hutoa mawimbi ya aina mbili. Yale ya gigahezi 2.4 hufika mbali lakini ni ya polepole, na jiko la maikrowevu huyavuruga. Yale ya gigahezi 5 ni ya kasi, ila hayafiki mbali. PlayStation 4 ya kwanza, iliyotoka mwaka 2013, huyajua ya 2.4 tu. Kwa hiyo mtoto akisema jina la intaneti ya nyumbani halionekani katika mashini yake, msikimbilie kwa fundi. Mwambieni atafute lile jina la pili.

Sasa neno la siri. Chini ya ruta pana kibandiko chenye jina la intaneti na neno la siri la kuanzia. Libadilisheni siku ile ile, pamoja na lile la kufungulia mipango ya ruta yenyewe, ambalo watu wengi hulisahau. Mkiulizwa aina ya ulinzi, chagueni WPA2 au WPA3. Msichague WEP, kwani tangu mwaka 2001 wataalamu walionyesha kwamba kufuli hiyo huvunjika upesi. Mashini ya zamani ya Nintendo DS haijui kufuli nyingine ila hiyo, na wako wazazi waliolegeza ulinzi wa nyumba nzima kwa ajili yake. Mimi nasema mtoto na acheze bila intaneti.

Sasa tufike penye fedha. Mzee amenunua bando la gigabaiti 20 ili binti yake asome masomo yake katika kompyuta mwezi mzima. Kaka yake ana mashini ya michezo. Usiku, watu wote wamelala, mashini ile huamka yenyewe na kuanza kupakua mchezo. Michezo mingi ya siku hizi hupita gigabaiti 50. Asubuhi bando limekwisha, mchezo haujafika nusu, na binti hana masomo.

Tupige hesabu ubaoni. Baiti moja ni biti nane. Gigabaiti 50 ni megabiti 400,000. Ikiwa intaneti yenu hupita megabiti 10 kwa sekunde, zatakiwa sekunde 40,000, yaani zaidi ya saa 11. Na muda huo wote kompyuta itakwenda kama mkokoteni.

Dawa ipo ndani ya mashini yenyewe: fungueni mipango yake, mzime upakuaji wa kujiendesha. Kucheza na wenzake walio mbali hakuli bando sana. Kunakula kidogo kuliko kutazama filamu. Kinachomaliza bando ni kule kupakua. Na kama mashini iko karibu na ruta, iunganisheni kwa waya, mchezo hautakatika-katika.

Kabla ya kipindi kijacho, kila mwenye ruta na aigeuze, asome kibandiko chake herufi kwa herufi. Asiye na ruta asome cha jirani, akiruhusiwa. Viongozi wa madarasa, waulizeni wanafunzi hesabu hii: gigabaiti 20, kwa megabiti 10 kwa sekunde, hupakuliwa kwa saa ngapi? Kwaherini.