Ziwa Chala: Matembezi ya Kutazama na Kushukuru

Sisi wakaazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe tukitaja matembezi ya familia, fikra zetu huishia ufukweni. Bahari ni jirani yetu, nasi twaishukuru. Lakini Qur'ani Tukufu, katika Suratul Ghashiya, yatuelekeza pia kuitazama milima na namna ilivyosimamishwa. Kwa likizo ijayo, twapendekeza familia zifike Ziwa Chala, chini ya mlima Kilimanjaro, upande wake wa mashariki.

Njia ni rahisi. Kwa gari, mtu hufuata barabara ya Nairobi hadi Voi, kisha hukata kushoto kupitia Mwatate na Maktau hadi Taveta. Wapendao treni hupanda Miritini na kushuka Voi. Kutoka mjini Taveta, ziwa liko mwendo mfupi upande wa kaskazini. Masafa haya yaruhusu kufupisha na kukusanya Sala, basi Adhuhuri na Alasiri zipangwe mapema, na miswala itiwe garini.

Mgeni haoni ziwa mpaka afike ukingoni. Hapo ndipo ardhi hufunguka ghafla, na chini yake, ndani ya kuta za mwamba zenye kimo cha kiasi cha mita 100, maji yametulia, mara buluu, mara kijani. Ni shimo la volkano ya kale, na mpaka wa Kenya na Tanzania wapita katikati yake. Sehemu kubwa ya maji hayo ni mvua inyeshayo juu ya misitu ya Kilimanjaro, ikapenya ardhini na kutokea humo. Kwetu sisi tununuao maji kwa mtungi, mandhari hayo ni darasa: msitu ukikatwa mlimani, maji hupungua bondeni.

Hata hivyo, twatoa nasaha kwa mkazo. Watoto wetu wamezoea kuogelea baharini, na wakiyaona maji hutaka kuyaingia. Chala si pa kuogelea. Kina chake chapita mita 90, na kingo zake ni za mteremko mkali. Mnamo Machi 2002, msichana Mwingereza wa miaka 18 aliuawa na mamba alipokuwa akiogelea humo. Dini yetu imetukataza kujitia katika maangamizo. Basi watoto wadogo washikwe mikono ukingoni, na anayetaka kuteremka afuatane na mwenyeji aijuaye njia.

Jambo la mwisho twawaambia akina baba. Mara nyingi matembezi huwa ni kazi ya mama iliyohamishwa mahali: kupika, kupakua na kuchunga watoto. Chakula na kipikwe usiku wa kuamkia safari kwa kusaidiana, na huko ukingoni baba awashike watoto kwa zamu. Mama naye apate nusu saa ya kukaa, kutazama na kumdhukuru Mola wake. Hiyo ni haki yake, wala si hisani.