Nafasi ya Uzamivu Uswidi Haiuzwi

Tuseme mhitimu wa shahada ya uzamili aishiye Magamba, Mkoa wa Katavi, anapokea ujumbe wa simu: amechaguliwa kusoma uzamivu Uswidi, atume "ada ya nafasi" leo hii kabla ya saa kumi jioni. Hajaomba popote, wala hajahojiwa. Nyumbani wanaanza kuhesabu magunia ya mahindi ya kuuza. Kabla hamjauza hata debe moja, someni maelezo haya.

Nafasi hiyo ni nini?

Katika vyuo vikuu vya Uswidi, mwanafunzi wa uzamivu halipi ada ya masomo, awe raia wa nchi yoyote. Mara nyingi huajiriwa na chuo na kulipwa mshahara. Masomo huchukua miaka 4, au hadi 5 iwapo amepangiwa pia kufundisha. Ada wanayotozwa wageni wanaotoka nje ya Ulaya tangu mwaka 2011 inahusu shahada ya kwanza na ya uzamili. Usichanganye mambo haya mawili.

Hutangazwa wapi?

Kwa kuwa ni ajira, hutangazwa kama ajira, katika tovuti za vyuo vyenyewe: kwa mfano Uppsala (uu.se), Lund (lu.se), Karolinska (ki.se) kwa sayansi za tiba, na Chuo Kikuu cha Sayansi za Kilimo (slu.se) kwa kilimo, misitu na mifugo. Nafasi za utafiti kwa waliokwisha kuhitimu uzamivu hutangazwa humo humo. Tangazo hueleza mada ya utafiti, sifa zinazotakiwa na tarehe ya mwisho. Fomu hujazwa bila malipo. Ifungue kupitia kiungo kilichomo katika tangazo la chuo, si kile ulichotumiwa na mtu usiyemjua.

Imekuwepo pia njia ya ushirikiano. Kuanzia miaka ya 1970 Uswidi ilifadhili utafiti nchini, na wahadhiri wa vyuo vyetu, kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wamesoma uzamivu kwa kugawa muda kati ya nyumbani na Uswidi. Iulize idara uliyosomea kama njia hiyo bado ipo.

Andaa nini?

- Vyeti na nakala rasmi za matokeo ya masomo.
- Wasifu, na barua inayojibu tangazo husika.
- Muhtasari wa utafiti wako wa uzamili.
- Majina ya wadhamini wanaoifahamu kazi yako.
- Uthibitisho wa ujuzi wa Kiingereza, ukitakiwa.

Gharama halali

Utagharamia pasipoti na, pengine, mtihani wa Kiingereza. Ada ya kibali cha ukaazi hulipwa moja kwa moja kwa Idara ya Uhamiaji ya Uswidi, baada ya kupata nafasi. Hakuna malipo ya "kushikilia nafasi".

Dalili za utapeli

- Unapongezwa kwa nafasi ambayo hukuiomba.
- Fedha zinatakiwa zitumwe kwa namba ya simu ya mtu binafsi.
- Unaharakishwa usipate muda wa kuuliza.
- Tangazo halimo katika tovuti ya chuo.

Ukiwa na shaka, mwandikie mhusika aliyetajwa katika tangazo la chuo. Ikiwa anayekufuata ni wakala, uliza Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kama anatambuliwa.

Ukiwa umekwisha kulipa

Usifute ujumbe wala risiti. Toa taarifa mara moja kwa mtoa huduma wako wa simu na kituo cha polisi, kisha tuma namba ya tapeli kwenda 15040. Usione haya: taarifa yako huenda ikamwokoa jirani.