Vim (programu)

Vim ni programu ya kompyuta ya kuhariri matini, yaani kuandika na kurekebisha maandishi matupu yasiyo na mapambo ya herufi wala picha. Iliandikwa na Bram Moolenaar, mtaalamu wa kompyuta kutoka Uholanzi, na kutolewa hadharani mara ya kwanza mwaka 1991. Inafuata mtindo wa programu ya zamani zaidi iitwayo vi. Hutumiwa hasa na waandishi wa programu na wasimamizi wa seva, kwa sababu ni nyepesi, haihitaji kipanya, na hufanya kazi vizuri hata mtu anapoiendesha kompyuta ya mbali kupitia mtandao dhaifu. Kwa wasomaji wa Afrika ya Mashariki ina jambo moja la pekee: leseni yake inamwomba mtumiaji awachangie watoto wa Uganda.

Asili yake

Kompyuta za kwanza zenye mfumo wa Unix zilitumia kihariri kilichoitwa ed, kazi ya Ken Thompson. Kihariri hicho hakikuonyesha ukurasa. Mtumiaji alitaja namba ya mstari, akatoa amri, kisha akaomba mstari uchapwe ili aone kilichotokea. Utaratibu huo ulifaa zama ambazo watu wengi waliwasiliana na kompyuta kwa mashine ya kuchapa kwenye karatasi, lakini ulichosha.

Mwaka 1976 George Coulouris, mwalimu wa Queen Mary College jijini London, alikitembelea Chuo Kikuu cha California huko Berkeley akiwa na kihariri chake em, alichokitengeneza kutokana na ed ili kiwe rahisi zaidi kwa watu wa kawaida. Wanafunzi wawili wa pale, Bill Joy na Chuck Haley, waliupenda, wakaurekebisha msimbo wake, na kazi yao ikazaa kihariri kilichoitwa ex. Joy alikiongezea uwezo wa kuonyesha ukurasa mzima kwenye skrini, na sehemu hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa vi. Mwaka 1979 vi ilikuwa tayari amri inayojitegemea katika toleo la Unix la Berkeley.

Mambo mengi yanayomshangaza mgeni wa Vim leo yanatokana na vifaa alivyokuwa navyo Joy. Nyumbani alitumia modemu iliyopitisha biti 300 kwa sekunde, ambazo ni takriban herufi 30. Skrini ya mistari 24 yenye herufi 80 kila mmoja ilihitaji zaidi ya dakika moja kujaa. Katika hali hiyo kila herufi iliyosafiri kwenye waya ilikuwa na gharama, ndiyo maana amri zilifupishwa mpaka zikabaki herufi moja au mbili: x hufuta herufi, dd hufuta mstari, u hutengua kosa. Ili herufi zilezile zitumike kama amri na pia kama maandishi, programu ina hali mbili, ya kuamuru na ya kuandika, na kitufe cha Escape humrudisha mtumiaji kwenye hali ya kuamuru. Kwenye kibodi ya Joy, ya aina ya ADM-3A, kitufe hicho kilikuwa mahali ilipo Tab siku hizi, karibu kabisa na kidole. Vishale navyo vilichorwa juu ya herufi h, j, k na l, na mpaka leo herufi hizo ndizo zinazosogeza kielekezi.

Kizuizi cha leseni

Kwa kuwa vi ilibeba ndani yake msimbo wa ed, na ed ilikuwa mali ya AT&T, hakuna aliyeruhusiwa kuusambaza msimbo huo bila leseni ya kampuni hiyo. Msimbo wa vi ya asili ulifunguliwa kwa leseni huria Januari 2002 tu, Caldera ilipoyaachilia matoleo ya kale ya Unix. Katika miaka yote ya katikati, waliotaka programu hiyo kwenye kompyuta ndogo za nyumbani iliwabidi waiandike upya. Mojawapo ya nakala hizo ilikuwa Stevie, iliyoandikwa na Tim Thompson kwa ajili ya kompyuta ya Atari ST mwaka 1987.

Moolenaar alikuwa na Amiga na hakupata vi ya kuridhisha. Mwaka 1988 alianza kuirekebisha Stevie kwa matumizi yake mwenyewe. Toleo la 1991 lilisambazwa kwa diski miongoni mwa wenye Amiga. Mwanzoni jina Vim lilikuwa kifupi cha maneno ya Kiingereza Vi IMitation, yaani mwigo wa vi. Mwaka 1992 ilifikishwa kwenye Unix, na baadaye, ilipokuwa imeshapita kuwa mwigo, kirefu cha jina kikawa Vi IMproved, vi iliyoboreshwa.

Matoleo

Toleo la 3.0 (1994) lilileta madirisha kadhaa kwa wakati mmoja, na la 5.0 (1998) likaleta rangi za kutofautisha sehemu za msimbo pamoja na lugha ya kuandikia nyongeza. Toleo la 7.0 (2006) liliongeza ukaguzi wa tahajia.

Moolenaar alipitia mwenyewe karibu kila badiliko lililoingia kwenye programu. Utaratibu huo uliifanya iwe thabiti, lakini pia uliwachosha baadhi ya wachangiaji. Mwaka 2014 Thiago de Arruda wa Brazili, ambaye pendekezo lake la kuwezesha kazi kuendelea nyuma ya pazia halikukubaliwa, alianzisha tawi jingine liitwalo Neovim. Vim yenyewe ilipata uwezo wa namna hiyo katika toleo la 8.0 la mwaka 2016, na ni vigumu kuamini kwamba mashindano hayakuchangia.

Lalamiko maarufu ni la wageni wasiojua jinsi ya kutoka. Swali hilo kwenye tovuti ya Stack Overflow lilikuwa limesomwa zaidi ya mara milioni moja kufikia mwaka 2017. Jibu ni kubonyeza Escape, kuandika :q! na kubonyeza Enter. Maandishi ambayo hayajahifadhiwa hupotea.

Kibaale

Mwaka 1994 Moolenaar alikwenda Kibaale, kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania, akafanya kazi ya maji na usafi wa mazingira kwa mwaka mmoja katika kituo cha watoto. Eneo hilo lilikuwa limeathiriwa vibaya na UKIMWI, na watoto wengi walikuwa wamefiwa na wazazi. Aliporudi Uholanzi alianzisha shirika la ICCF Holland la kuwachangia. Vim hutumika na kunakiliwa bure, lakini anayeifurahia anaombwa atoe chochote kwa ajili ya watoto hao. Ombi hilo huonekana mara kwa mara kwenye skrini programu inapofunguliwa bila faili, na amri :help iccf ilifungua maelezo kuhusu kituo, shule yake na zahanati yake.

Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023 akiwa na umri wa miaka 62. Matunzo ya programu yalichukuliwa na kundi la wachangiaji wakiongozwa na Christian Brabandt wa Ujerumani. Toleo la 9.1, lililotoka tarehe 2 Januari 2024, liliwekwa wakfu kwa kumbukumbu yake, na ombi la kuwasaidia watoto wa Uganda liliachwa mahali pake.